Kasha la Mlango wa Kumi na Mbili

"Ni mimi," alisema Mama Uyoga. "Andika hivyo, nitie sahihi, tumalize."

Inspekta, mwanamke wa makamo, hakuandika. Katika miaka kumi na tisa ya kuhoji watu alishazoea wanaokana, wanaolia, wanaozimia kwa makusudi na wanaotishia kumwita wakili ambaye hawana. Mtu anayekubali kosa kabla chai haijapoa alikuwa mgeni kwake, na machale yakaanza kumcheza.

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu kasoro asubuhi. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vitatu na dirisha lililopakwa rangi nyeupe hadi nusu. Mama Uyoga alikaa wima, mikono mapajani, akikohoa kikohozi kikavu cha siku nyingi. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na ushee, mwenye banda la kukuza uyoga nyuma ya nyumba yake, na mwenye ile mashine iliyosimama kando ya kituo cha mafuta ambayo mtaa mzima uliiita Kabati. Ilikuwa na vijimlango kumi na vinane vya kioo, kila kimoja na namba yake. Unalipa kwa simu, unabonyeza namba, kijimlango kinafunguka, unachukua kasha lako la uyoga au trei yako ya mayai na kwenda zako. Hakuna muuzaji wala salamu.

Jumamosi asubuhi fundi cherehani mmoja alinunua kasha la uyoga kwenye mlango namba kumi na mbili. Akala mchana. Usiku akaanza kutapika na kuhara hadi miguu ikamwisha nguvu, na Jumapili akalazwa. Jioni ya siku hiyo watu walilizunguka Kabati wakiwa na mawe mikononi. Polisi wakalifunga, wakamwonyesha Mama Uyoga kasha alilonunua fundi, wakamchukua, nusu kwa kumkamata, nusu kwa kumwokoa. Makasha saba yaliyobaki ndani yalipimwa, na yote saba yalikuwa safi.

"Ulifanya nini hasa?" Inspekta aliuliza.

"Niliweka uyoga mbaya."

"Kwa kujua au kwa bahati mbaya?"

Mama Uyoga alikohoa. Swali hilo hakuwa amelitayarishia jibu. "Kwa uzembe," alisema hatimaye.

"Uliutoa wapi?"

"Bandani kwangu, wapi kwingine?"

Inspekta akafungua bahasha ya vielelezo. Akaweka mezani mfuko wa plastiki wenye mashina matatu ya uyoga mweupe, uliokutwa kwenye friji ya fundi, na pembeni yake kasha tupu lenye lebo iliyochanika katikati.

"Uyoga wako unauvunaje?"

"Kwa kisu. Naukata shingoni."

"Huu haukukatwa. Umeng'olewa. Tazama, shina lina kifuko chini, na kifuko kina udongo mwekundu na jani jembamba kama sindano. Koplo wangu aliingia bandani kwako jana. Sakafu ni ya saruji, na uyoga unaota kwenye mifuko ya mabua. Udongo mwekundu ulipita wapi?"

"Labda kwenye viatu vyangu."

Alijibu bila kuutazama uyoga. Macho yake yalikuwa kwenye lebo, na yalikaa pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma tarehe. Inspekta aliliona hilo, akasukuma karatasi na kalamu upande wa pili wa meza.

"Basi andika mwenyewe, kwa mkono wako. Anza na tarehe ya Jumamosi."

Mama Uyoga alishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Aliandika haraka, na kiganja chake kilipofuata maandishi kiliyapaka wino wote, kama kawaida ya watu wa mashoto. Tarehe kumi na saba ikabaki na mkia wa bluu. Ile ya kwenye lebo ilikuwa safi, imesimama wima kama ya daftari la shule, na saba yake ilikuwa imekatwa kiunoni kwa kistari.

"Lebo hii uliandika wewe?"

"Mimi."

"Kwa mkono upi?"

Mama Uyoga aliiweka kalamu mezani.

"Nimekwambia ni mimi, Afande. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua unamficha nani."

Mama Uyoga aliirudisha karatasi upande wa Inspekta, akageukia dirisha.

Koplo alikuwa akimsubiri ukumbini, kijana mrefu aliyelazimika kuinama kila mlangoni na ambaye hakuna mtu aliyewahi kumsikia akinong'ona. "Afande, mtu amekiri!" alisema, na karani wa dawati akageuka. "Kesi imekwisha."

"Punguza sauti. Kesi ndiyo kwanza inaanza. Funguo za nyuma ya Kabati ziko ngapi?"

"Mmoja tu. Tulimkuta nao mfukoni."

"Na kwa mbele mtu anaweza kuweka kitu?"

Koplo alikuwa amelijaribu Kabati usiku kucha, hata akalijua kuliko mwenyewe. Alieleza kwamba mtu akishalipa na mlango ukafunguka, mashine inauhesabu kuwa mtupu. Hata ukirudisha kasha ndani na kufunga, taa ya mlango inabaki nyekundu na hakuna awezaye kuununua tena. Ili taa iwe ya kijani, lazima kasha lipite nyuma, kwa ufunguo.

"Basi tunamtafuta mtu aliyeshika ufunguo huo na anayejua kuandika saba ya kizamani," alisema Inspekta. "Lakini kwanza nataka kuhakikisha kasha halikuchezewa nyumbani."

Hospitalini walimkuta fundi ameketi kitandani, mto mgongoni, akimlalamikia muuguzi kuhusu uji usio na sukari. Mkewe alikuwa kwenye kiti, amekumbatia mkoba.

"Nani alipika?" aliuliza Inspekta.

"Mimi," alisema mke.

"Ukala?"

"Uyoga sili. Tangu nikiwa msichana. Unanikwama kooni."

"Kwa hiyo alikula peke yake."

Mke aliuweka mkoba sakafuni polepole. "Dada, unamaanisha nini?"

Fundi akacheka, kisha akashika ubavu. "Afande, huyu akitaka kuniua ana mikasi sita pale dukani. Uyoga wa nini?"

Inspekta hakucheka. "Kasha lilifunguliwa na nani?"

"Mimi mwenyewe. Lebo ilikuwa imebandikwa juu ya kifuniko na ubavuni. Niliichana kwa kucha pale jikoni, yeye bado yuko sokoni."

Lebo ilikuwa imechanika katikati, kama asemavyo. Inspekta alimfuta mke kwenye orodha yake, ingawa si kwa wino mzito. Mlangoni alikutana na daktari, mwanamke mdogo mwenye macho ya mtu aliyekesha.

"Anaonekana ana nafuu," Inspekta alisema.

"Anaonekana," daktari alijibu. "Nimepeleka sampuli ya uyoga kwa mtaalamu. Majibu yakitoka nitakupigia wewe kwanza."

Ng'ambo ya barabara kutoka kwa Kabati palikuwa na meza ya mboga chini ya mwavuli uliopauka, na nyuma ya meza, mwanamke mnene aliyekuwa akifunga mafungu ya mchicha. Huyu alikuwa ametajwa mara tatu jana. Majirani walisema amekuwa akililaani Kabati tangu lilipoletwa.

"Ni kweli," alisema kabla hajaulizwa. "Nimelilaani, na leo mkilibeba nitawasaidia kulipakia. Lile bati linamjulia mtu hali? Linajua nani mgonjwa, nani kajifungua? Mteja akisahau kitunguu mimi namkumbusha. Lile linakufungulia kijidirisha, basi, potelea mbali!"

"Jumamosi ulifika saa ngapi hapa?"

"Kumi na mbili na nusu. Kulikuwa na manyunyu."

"Kabati lilikuwa na mtu?"

Mwanamke aliacha kufunga mchicha. Akamtazama Koplo, akamtazama Inspekta. "Mimi na Mama Uyoga hatupatani, lakini sitaki kumsingizia mtu."

"Husingizii. Unajibu."

"Basi alikuwa yeye. Amefungua nyuma, anapanga vitu. Koti lake la mvua la njano, nani asiyelijua mtaa huu?"

Koplo alimtazama bosi wake kwa macho ya *si nilikwambia*. Inspekta akasogea karibu na meza.

"Uso uliuona?"

"Niliona koti."

"Alikusalimia?"

"Alininyooshea mkono hivi. Nikashangaa. Yeye hajanisalimia tangu mwaka jana."

"Alipomaliza aliondokaje? Kwa ile pikipiki yake?"

Muuza mboga aligeuka kuitazama barabara. Akatafakari. "Hapana. Kwa miguu. Taratibu, mkono mmoja kiunoni." Kisha macho yakamtoka. "Subiri kwanza. Mama Uyoga hatembei hivyo."

"Nani anatembea hivyo?"

"Kwa nini mnaniuliza mimi? Mama mkwe wake mnajua anakokaa. Wale wawili hawaivi chungu kimoja. Kila siku zogo, hadi watoto wa shule wanasimama kusikiliza. Bibi akisema ataleta kitu jikoni, mkwe anasema thubutu. Kama kuna mtu anataka Kabati life kuliko mimi, basi ni yule."

Garini Koplo alikuwa tayari ana kesi mpya kamili. "Mkwe na mkwe, Afande. Ameiba ufunguo, amevaa koti la mwenzake ili lawama imwangukie yeye. Kesi safi."

"Na mwenye kuangukiwa anakubali kufungwa kwa ajili ya adui yake?"

Koplo aliwasha gari.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na ua mpana, na uani kamba mbili za nguo zilizojaa mashuka, mengine yakiwa bado yanadondosha maji. Banda la uyoga lilikuwa upande wa kushoto. Nyuma yake kulikuwa na ukuta mfupi uliobomoka pembeni, na ng'ambo ya ukuta misonobari mitano mirefu. Inspekta aliruka ukuta kabla ya kubisha hodi. Ardhi chini ya miti ilikuwa nyekundu, imefunikwa majani membamba kama sindano. Katika sehemu tatu palikuwa na vishimo vidogo, vya duara, vya kitu kilichong'olewa kwa mkono. Alipiga picha, akachota udongo kwenye mfuko, akarudi uani.

Koti la njano lilikuwa limetundikwa kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmemrudisha?" Bibi alitoka akijipangusa mikono kwenye aproni. Alikuwa na miaka sabini hivi, mwembamba, mgongo umeanza kuinama, na alizungumza kama mtu aliyezoea kusikilizwa na darasa. "Mwambieni arudi, uyoga unakua, mimi kisu chake siwezi kukishika, kikali mno. Na ameondoka bila dawa ya kifua."

"Bado yuko kwetu. Ulikuwa mwalimu, mama?"

"Miaka thelathini na mmoja. Darasa la kwanza na la pili. Umejuaje?"

"Niandikie tarehe ya Jumamosi hapa."

Bibi alivaa miwani, akaandika bila haraka. Tarehe kumi na saba ilisimama wima, safi, na saba ilikatwa kiunoni kwa kistari. Koplo alihema kwa nguvu. Inspekta alimkanyaga mguu.

"Jumamosi alfajiri ulikwenda kwenye Kabati."

"Nilikwenda," alisema bibi, na badala ya kutishika akatabasamu kama aliyegunduliwa kafanya jambo zuri. "Nani kawaambia? Nilitaka liwe siri."

"Siri ya nini?"

"Mkwe wangu alikuwa hajalala siku tatu kwa kikohozi. Ijumaa usiku akanywa ile dawa nyeusi, akalala kama gogo. Alikuwa amepanga makasha kwenye kreti, ya asubuhi, na nikaona yamepungua. Mlango mmoja ungebaki mtupu, na mlango ukibaki mtupu anasikitika kama kafiwa upya. Nikasema leo apumzike. Nikachukua ufunguo juu ya friji, nikavaa koti lake, nikaenda na kreti kichwani."

"Na lile kasha lililopungua?"

"Nikalijaza mwenyewe. Hapo nyuma, kwenye misonobari, mvua ikinyesha uyoga unatoka mweupe kama pamba. Nimeuchuma tangu nikiwa hivi." Akaonyesha usawa wa goti. "Kule kwetu, safari ya siku mbili kutoka hapa, mama yangu alitulisha huo huo. Mtamu kushinda huu wa kwenye mifuko. Nikaupanga vizuri, nikaandika lebo, nikabandika."

"Mkweo anajua?"

"Athubutu kujua!" Bibi alishusha sauti ingawa hakukuwa na mtu. "Amenikataza mara elfu. Anasema nchi si moja na uyoga si mmoja. Tunagombana kwa hilo tu, mwanangu, watu wanadhani tunachukiana. Mwanangu, mumewe, alipofariki, ndugu zake walinijia na gari nirudi nyumbani. Mkwe wangu akasimama pale getini akasema mama haendi popote. Sasa niambie, mtu kama huyo nitamlipa nini? Kasha moja la uyoga."

Koplo alikuwa amegeuka, anayatazama mashuka.

Inspekta alielewa sasa kwa nini macho ya Mama Uyoga yaliganda kwenye lebo. Alikuwa ameutambua mwandiko wa mama mkwe wake tangu jana, alipoonyeshwa kasha, na dakika ile ile alikuwa amekata shauri.

"Mama," alisema, na akachagua maneno yake moja moja, "fundi cherehani aliugua baada ya kula kasha la mlango wa kumi na mbili. Ndilo kasha lako."

Bibi aliishika nguzo ya kibaraza. Kisha akatikisa kichwa kwa nguvu. "Haiwezekani. Fundi yule anakula ovyo, muulize mtu yeyote. Ule uyoga ulikuwa mzima."

"Unajuaje?"

"Najua kwa sababu na mimi niliula! Nilibakiza kidogo, nikajipikia Jumamosi jioni, mkwe wangu alipokwenda kutafuta dawa. Ungekuwa na sumu ningekuwa hapa nafua? Jumapili tumbo lilinisumbua, ndiyo, tena sana, nilikuwa chooni tangu alfajiri. Nikasema ni maharage. Leo nimeamka sina hata kichwa kuuma. Nimefua mashuka yote."

Simu ya Inspekta ilikuwa inatetemeka mfukoni. Ilikuwa namba ya daktari. Alitembea hadi mwisho wa ua kabla ya kupokea.

"Majibu yametoka," alisema daktari. "Nisikilize vizuri. Ni uyoga unaoua ini. Kuna mtu mwingine yeyote aliyekula?"

"Yupo mmoja. Mama mtu mzima. Aliugua jana, ila leo amepona."



"Hajapona," alisema daktari. "Huo ndio ubaya wa sumu hii. Inamwachia mtu siku moja, mbili, anakula, anacheka, na huku ndani ini linakwisha. Fundi wako alikuwa anacheka asubuhi. Damu yake ya sasa hivi si ya mtu wa kucheka. Tumeshaanza kumhamishia hospitali kubwa. Huyo mama alikula saa ngapi?"

"Jumamosi jioni."

"Basi mlete. Usisubiri gari la wagonjwa, mlete wewe."

Inspekta aliirudisha simu mfukoni. Bibi alikuwa ameshaanza kuanua shuka lililokauka, akilikunja kona kwa kona, na kwa mbali alionekana kama mtu mwenye miaka ishirini zaidi ya kuishi.

"Mama, chukua kitambulisho chako na nguo ya kubadilisha. Tunakwenda hospitali."

"Kufanya nini? Nimekwambia nimepona."

Inspekta hakuwa na desturi ya kumdanganya shahidi. "Daktari anataka maelezo yako kuhusu uyoga," alisema. "Anasema wewe ndiye unayeujua."

Bibi alifurahi. Akaingia ndani, akatoka na mkoba na chupa ya dawa ya kifua ya mkwe wake. Koplo alimfungulia mlango wa nyuma na kumshika mkono kama anayeshika yai.

Kituo cha polisi kilikuwa njiani. Inspekta alishuka akikimbia, akamtoa Mama Uyoga chumbani, akamwambia karani aandike *ameachiwa* na muda. Kwenye ngazi Mama Uyoga alimshika kiwiko.

"Mmemwambia? Afande, ana miaka sabini na mbili. Hakujua. Nifungeni mimi."

"Hakuna anayefungwa leo. Alikula na yeye."

Mama Uyoga alisimama. Alitazama gari, alitazama kichwa chenye mvi kilichokuwa kinachungulia dirishani. "Lini?"

"Jumamosi jioni."

"Aliniambia ni maharage," alisema Mama Uyoga.

 Alishuka ngazi, akaingia nyuma, akakaa karibu na mama mkwe wake, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili. Koplo aliwasha king'ora na gari likaruka barabarani.

"Hebu kunywa dawa yako," bibi alikuwa akisema huku akifungua chupa. "Umekonda kwa siku moja tu! Walikupa chakula kweli?" Akamsogeza uso ili amwone vizuri. "Mbona unalia sasa? Si wamekuachia?"

Inspekta aligeuza macho barabarani. "Kanyaga," alimwambia Koplo.